Kadi ya SNAP, sanduku la mwezi au mlo wa mlangoni: msaada gani wa chakula unamfaa mzee mwenye kipato kidogo nchini Marekani?

Watu wanaoishi Marekani na wazazi wao waliozeeka huniuliza swali moja kwa namna nyingi: mama achukue stempu za chakula, ambazo leo ni kadi ya SNAP, asubiri sanduku la kila mwezi, au aandikishwe kuletewa chakula kilichopikwa? Wanauliza kana kwamba kuchukua kimoja ni kukiacha kingine, na sheria haisemi hivyo. Mzee wa miaka 60 na zaidi anayetimiza masharti anaweza kupata vyote vitatu katika mwezi mmoja, wala hakuna kinachopunguza kingine. Hata hivyo swali lao lina msingi, kwa sababu kila mpango una fomu yake, ofisi yake na foleni yake, na mzee aliyechoka hawezi kubisha hodi milango mitatu kwa wakati mmoja. Ni lazima ajue aanzie wapi.

Kabla ya kulinganisha mipango yenyewe, mtazame kwanza mzee. Yupo anayelala na njaa kwa sababu pesa zimekwisha tarehe ishirini, ingawa bado anatembea hadi dukani na anasimama jikoni bila shida. Yupo mwenye pesa za kununua unga na mboga, lakini magoti hayamruhusu kushuka ngazi, au mikono inatetemeka kiasi kwamba kushika kisu kimekuwa kitu cha hatari. Tena yupo ambaye jokofu lake halikosi kitu, ila tangu mwenzake afariki haoni sababu ya kuwasha jiko kwa ajili ya mtu mmoja. Wote hao wataonekana wamekonda, na daktari atawaandikia neno lile lile, lakini msaada unaomfaa wa kwanza hautamfaa wa tatu. Makosa mengi niliyoyaona yametokana na familia kuchagua mpango wenye jina kubwa badala ya ule unaogusa kizuizi chenyewe.

Kadi: yenye thamani kubwa zaidi, na makaratasi mengi zaidi

SNAP ndiyo stempu za chakula zilizobadilishwa jina mwaka 2008. Sheria yake ya msingi ilitiwa saini na Rais Lyndon B. Johnson mwaka 1964, na wazee bado wanaiita stempu ingawa karatasi zile ziliondolewa na kadi ya EBT ikaenea nchi nzima kufikia mwaka 2004. Kila mwezi jimbo linaingiza kiasi fulani kwenye kadi, na mzee anaipitisha dukani na kubonyeza namba ya siri, kama anavyofanya mwenye kadi ya benki. Ananunua nafaka, nyama, mboga, matunda, maziwa na vyakula vingine vya kwenda kupika. Hawezi kununua sabuni, dawa, vitamini, pombe wala tumbaku, na kwa kawaida hawezi kununua chakula cha moto kilicho tayari kuliwa. Katazo hilo la mwisho linawaumiza wazee kuliko rika lolote, kwa kuwa ndio walio wengi kati ya wasioweza tena kupika. Majimbo machache, California na Arizona yakiwemo, huwaruhusu wazee, walemavu na wasio na makazi kutumia kadi katika migahawa iliyosajiliwa, lakini kwingine kadi inamdai mwenye nayo awe na miguu, mikono na jiko.

Ubora wake mkubwa ni kwamba mzee anajichagulia. Mwenye kisukari anaacha wali mweupe na kuchukua maharage, asiye na meno anachukua kile anachoweza kukitafuna, na mtu aliyekula chakula cha kwao kwa miaka sabini hapangiwi chakula asichokijua. Jambo hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana kwenye vijitabu vya serikali. Mzee hula vizuri zaidi chakula anachokijua.

Sasa kuhusu kiasi. Katika mwaka wa fedha ulioishia Septemba 2025, mtu anayeishi peke yake katika majimbo 48 ya bara aliweza kupata hadi dola 292 kwa mwezi, na kaya ya mtu mmoja au wawili iliyokubaliwa haikupewa chini ya dola 23. Viwango hivyo hubadilishwa kila Oktoba. Kutoka 23 hadi 292 ni mbali sana, na mahali mzee atakapoangukia hutegemea makato, yaani gharama ambazo ofisi inaziondoa kwenye kipato chake kabla ya kukokotoa. Sheria imewapendelea kwa makusudi wenye miaka 60 na zaidi. Kaya yao haipimwi kwa kipato ghafi kama kaya nyingine, bali kwa kile kinachobaki baada ya makato. Kikomo cha akiba zao kiko juu zaidi, majimbo mengi hayaulizi akiba kabisa, na nyumba anayoishi mzee haihesabiwi. Makato yao ya kodi ya nyumba, umeme na joto hayana ukomo kama yalivyo na ukomo kwa wengine. Kisha kuna kifungu ambacho kwa maoni yangu ndicho kinachopotezwa zaidi katika mpango mzima: gharama za matibabu anazolipa mzee mwenyewe zikizidi dola 35 kwa mwezi, kile kinachozidi hukatwa kwenye kipato chake.

Nilielewa uzito wa kifungu hicho mezani kwa mama mmoja wa miaka sabini na kitu, mjane, ambaye alikuwa amekwisha kukubaliwa na alikuwa akipata kiasi cha chini kabisa. Alinionyesha barua ya ofisi, akanipa chai, akasema afadhali aachane nao. Nilipomuuliza kama aliwapelekea risiti za dawa, alinyanyuka, akafungua droo ya kabati na kutoa mfuko wa plastiki uliojaa risiti za famasia zilizofifia wino, stakabadhi ya miwani, na tikiti za basi la kwenda kliniki alizozifunga kwa mpira. Akaniambia, "Mwanangu, waliniuliza habari za chakula. Za dawa hawakuniuliza." Alikuwa ameweka kila kitu, na hakuna hata karatasi moja iliyokuwa imefika ofisini.

Tuone hesabu kwa mfano ulio rahisi kufuata. Mzee anaishi peke yake, anapokea dola 1,150 za Social Security, yaani pensheni ya serikali, na kodi ya nyumba pamoja na umeme ni dola 600. Kwa viwango vya mwaka ule, ofisi inaondoa kwanza dola 204 zinazokatwa kwa kila mtu, zinabaki 946. Nusu yake ni 473, na kwa kuwa makazi yanamgharimu 600, tofauti ya 127 inakatwa pia, kwa hiyo kipato kinachohesabiwa ni 819. Serikali inachukulia kwamba asilimia 30 ya kipato hicho, yaani takriban dola 246, atazitumia mwenyewe kwa chakula, basi inamwongezea kile kinachopungua kufikia 292, ambacho ni dola 46. Mzee huyo huyo akithibitisha kwamba analipa dola 155 kila mwezi kwa dawa, miwani na nauli ya hospitali, dola 120 zinakatwa. Kipato kinashuka hadi 826, nusu yake ni 413, makato ya makazi yanapanda hadi 187, kinachohesabiwa kinakuwa 639, na msaada wake unakuwa dola 100. Mfuko wa plastiki uliokaa kwenye droo una thamani ya dola 54 kila mwezi. Majimbo kadhaa yamerahisisha jambo hili kwa kuweka makato ya matibabu ya kiwango kimoja, ambapo mzee akishathibitisha kwamba amevuka dola 35 hahitaji kukusanya kila kipande cha karatasi.

Upande wa pili wa kadi ni usumbufu wake. Kuna fomu ndefu, mahojiano ambayo mara nyingi hufanywa kwa simu, barua zenye tarehe za mwisho, na kuhuisha maombi. Kwa wazee wasio na mshahara, majimbo mengi yamepunguza mzigo huo: fomu ni fupi, na kibali kinaweza kudumu miezi 36 bila mahojiano ya kuhuisha. Mzee anaweza pia kumteua mtu mwingine awe mwakilishi wake, amfanyie maombi na hata kumnunulia chakula kwa kadi. Pamoja na hayo yote, wazee wanaostahili SNAP wamekuwa kwa miaka mingi wakijiandikisha kwa kiwango cha chini kuliko rika nyingine. Wengine huona aibu, wengine wanaamini wanamnyima mtoto wa mtu, na wengi wameambiwa na jirani kwamba watapata dola 20 na ushei tu, wakaona hazistahili usumbufu wote huo. La mtoto kunyimwa si kweli, kwa sababu kila anayestahili hupewa bila kuangalia ni wangapi wamekwisha kupewa.

Wanaolalamikia udogo wa fedha wana haki yao. Nyongeza ya dharura iliyotolewa wakati wa janga la korona ilikoma nchi nzima baada ya Februari 2023, na baadhi ya wazee waliokuwa wakipokea dola 281 walijikuta Machi na dola 23. Novemba 2025, shughuli za serikali kuu ziliposimama kwa kukosa bajeti, fedha za mwezi zilichelewa na watu wakabaki wakisubiri. Halafu kuna wizi wa kadi kwa vifaa vinavyobandikwa kwenye mashine za malipo. Tangu Desemba 20, 2024 serikali kuu hairudishi tena fedha zinazoibwa kwa njia hiyo, kwa hiyo mzee abadilishe namba ya siri mara kwa mara, hasa siku moja kabla fedha hazijaingia, na asiwe na namba iliyo rahisi kubahatisha.

Sanduku la mwezi

Mpango huu, unaojulikana kwa kifupi chake cha CSFP, ulianza mwaka 1969 kwa ajili ya wajawazito na watoto wadogo, na sheria ya mwaka 2014 ikauacha uwe wa wazee peke yao. Mzee wa miaka 60 na zaidi mwenye kipato kidogo hupewa kila mwezi sanduku la vyakula vilivyonunuliwa na serikali kuu: mboga na matunda ya kopo, juisi, maziwa yasiyoharibika upesi, jibini, nafaka, tambi au mchele, siagi ya karanga au maharage makavu, na nyama au samaki wa kopo. Kikomo cha kipato kilipandishwa kutoka asilimia 130 hadi 150 ya kiwango cha umaskini kwa kanuni iliyotolewa mwishoni mwa mwaka 2024.

Makaratasi yake ni machache, na mzee asiyeweza kufika anaweza kumtuma mtu amchukulie. Dosari yake ni kwamba hachagui, na nafasi zina idadi maalumu kwa kila jimbo, kwa hiyo mtu anaweza kustahili na bado akawekwa kwenye orodha ya kusubiri. Sanduku ni zito, nalo linataka mtu wa kulibeba na mkono wenye nguvu ya kufungua makopo. Ninalihesabu kuwa nyongeza nzuri, na sijaona mzee aliyeweza kulitegemea peke yake. Vocha za wazee za kununua mboga na matunda kwa wakulima wakati wa msimu ziko katika kundi hilo hilo: ni za thamani ndogo, zinatolewa kwa muda mfupi, na inafaa kuzichukua zikipatikana.

Mlo wa mlangoni na mlo wa kituoni

Sheria ya Wazee wa Marekani ya mwaka 1965 iliongezewa mwaka 1972 mpango wa chakula ambao leo una sehemu mbili: mlo unaoliwa pamoja katika vituo vya wazee, na mlo unaopelekwa nyumbani kwa wasioweza kutoka. Kila mlo lazima ubebe angalau theluthi moja ya virutubisho anavyohitaji mzee kwa siku. Umri ni miaka 60 na zaidi, na mume au mke wa mzee anaweza kula hata akiwa na umri mdogo zaidi.

Tofauti yake kubwa na ile mipango mingine ni kwamba haipimi kipato. Hakuna anayeombwa taarifa za benki, ingawa walio na uhitaji mkubwa wanatakiwa kutangulizwa. Mzee anaalikwa kuchangia kwa hiari, na sheria inakataza kumnyima chakula asiyechangia. Nalikazia hili kwa sababu ya bahasha ndogo inayowekwa kwenye trei ya chakula. Nimewaona wazee wakiipokea kama ankara, wakaacha kufungua mlango wiki iliyofuata wakiamini wana deni. Anayemwandikisha mzazi wake amweleze habari ya bahasha hiyo kabla mlo wa kwanza haujafika.

Pamoja na chakula, mzee anapata mtu wa kubisha hodi. Anayeleta mlo hutazama kama aliyefungua mlango anatembea kama jana, kama chakula cha jana kimeliwa, kama nyumba ina baridi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown waliwachukua wazee waliokuwa kwenye orodha za kusubiri, wakawagawa kwa kura: wengine waliletewa mlo kila siku, wengine waliletewa milo iliyogandishwa mara moja kwa wiki, na wengine waliendelea kusubiri. Walioletewa kila siku ndio walioonyesha nafuu kubwa zaidi katika wasiwasi, upweke na kuanguka. Wote waliopelekewa walikuwa na chakula ndani ya nyumba, na bado kuonana na mtu kila siku kulileta tofauti. Ndiyo maana mzee niliyemtaja mwanzoni, mwenye jokofu lililojaa asiyewasha jiko, ningempeleka kituoni akale na wenzake kabla ya kumtafutia dola zaidi.

Udhaifu wa mpango huu ni foleni. Fedha zake hutengwa kwa kiwango maalumu, na zikiisha wazee husubiri, wakati mwingine kwa miezi. Mara nyingi ni mlo mmoja kwa siku, siku tano za wiki, kwa hiyo kifungua kinywa, chakula cha usiku na mwisho wa wiki vinabaki mikononi mwa familia au kadi. Uchaguzi wa chakula nao ni mdogo. Asiyekula nguruwe au mwenye mzio aulize mapema, maana vituo vinatofautiana sana katika kile kinachoweza kubadilishwa.

Kinachobadilika mwilini

Ukiiweka mipango hii sambamba, jambo ambalo familia nyingi hazilioni ni uhusiano wa chakula na dawa. Mzee mwenye kipato kisichotosha hapunguzi chakula peke yake. Anapunguza kile ambacho hakuna atakayekigundua upesi, na mara nyingi hicho ni kidonge. Anakigawa katikati, au anaruka siku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu wazee wenye kisukari ulionyesha kwamba waliokuwa na SNAP hawakuacha dawa kwa sababu ya gharama kwa kiwango cha wenzao wasiokuwa nayo. Pesa ya chakula ikiingia kwenye kadi, pesa taslimu iliyobaki inakwenda famasia. Sanduku na mlo vinaleta nafuu ya aina hiyo pia, lakini kwa kiasi kidogo, kwa kuwa thamani yake kwa mwezi kwa kawaida haifikii kadi iliyokokotolewa vizuri.

Upungufu wa kadi unaonekana mwishoni mwa mwezi. Huko California, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba watu wenye kipato kidogo walilazwa kwa sababu ya sukari kushuka kwa asilimia 27 zaidi katika wiki ya mwisho ya mwezi kuliko wiki ya kwanza. Haukuwa wa wazee peke yao wala wa wenye kadi peke yao, lakini mtu yeyote aliyeishi na mzee anayejidunga insulini analitambua jambo hilo: sindano inapigwa kwa saa yake, na sahani ni tupu. Hapo mlo unaokuja kila siku unaishinda kadi, kwa kuwa hauishi tarehe ishirini. Mzee anayetumia insulini na asiyeweza kuzigawa fedha za kadi hadi mwisho wa mwezi, mimi ningepigania mlo wa mlangoni hata kama kadi yake ina dola nyingi.

Kuhusu kubaki nyumbani, kuna utafiti wa Maryland uliochapishwa mwaka 2017, uliowahusu wazee wenye Medicare, yaani bima ya afya ya wazee, na Medicaid, bima ya wenye kipato kidogo, kwa pamoja. Waliokuwa na SNAP walikuwa na uwezekano wa kuingizwa katika nyumba za kulelea wazee uliopungua kwa asilimia 23 wakilinganishwa na wasiokuwa nayo. Lazima niongeze kwamba hii haithibitishi kuwa kadi peke yake ndiyo iliyofanya kazi, kwani anayeweza kujaza fomu au mwenye mtoto wa kumjazia huenda tangu mwanzo alikuwa na msaada ambao mwenzake hakuwa nao. Hata hivyo inaelekea upande ule ule unaoonekana majumbani.

Kwa waliohamia Marekani

Hapa uchaguzi mara nyingi umekwisha kufanywa na sheria. Mwenye ukaazi wa kudumu, yaani grini kadi, kwa kawaida husubiri miaka mitano kabla ya kupata SNAP, isipokuwa wachache waliosamehewa, kama vile mwenye robo mwaka 40 za kazi, yaani takriban miaka kumi, au anayepokea msaada unaotokana na ulemavu. Robo za kazi za mume au mke zinaweza kuhesabiwa, ila za mtoto hazimfai mzazi. Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 iliwaondoa wakimbizi na waliopewa hifadhi hadi wapate ukaazi wa kudumu, na jambo hilo limewagusa wazee wengi kutoka Kongo, Burundi na Somalia waliokuwa wakipokea kadi tangu wiki zao za kwanza nchini. Aliyeletwa na mtoto wake kwa hati ya udhamini ajue pia kwamba kipato cha mdhamini kinaweza kuhesabiwa kana kwamba ni cha mzee.

Sheria hiyo hiyo ilipandisha hadi miaka 64 umri wa wanaotakiwa kuonyesha saa 80 za kazi, mafunzo au kujitolea kwa mwezi. Hivyo mtu wa miaka 62 anahesabiwa kuwa mzee pale makato yanapokokotolewa, na wakati huo huo anaweza kukatiwa msaada baada ya miezi mitatu kwa kutofanya kazi. Mwenye maradhi yanayomzuia kufanya kazi husamehewa, mradi ofisi iwe na barua ya daktari, na barua hiyo ni bora ipelekwe pamoja na fomu bila kungoja kuombwa.

Anayeishi nyumbani kwa mtoto wake ana swali la ziada. Watu wanaonunua na kupika chakula pamoja huhesabiwa kaya moja, na mshahara wa mtoto unaweza kumwondoa mzazi. Mzee akinunua na kupika chakula chake peke yake anaweza kuomba kama kaya ya mtu mmoja. Akiwa na ulemavu unaomzuia kupika peke yake, anaweza bado kutenganishwa ikiwa kipato cha wengine nyumbani hakizidi asilimia 165 ya kiwango cha umaskini. Ikiwa mnakula chungu kimoja na mtoto ana mshahara mzuri, usipoteze miezi ukipigania kadi. Mlo wa kituoni au wa mlangoni hauulizi mshahara wa mtu, na ndiko mahali pa kuanzia.

Aanze na upi

Mzee anayetembea, anayepika na ambaye tatizo lake ni pesa, aanze na SNAP, na aende na risiti za dawa mkononi. Sanduku aliombe wiki hiyo hiyo, kwa kuwa kusubiri orodha hakumgharimu kitu. Asiyeweza kutoka au kupika aandikishwe kwanza kwenye mlo wa nyumbani, kwa sababu foleni yake ni ndefu na kila siku ya kuchelewa inamrudisha nyuma, kisha kadi iombwe na mtoto au jirani mwaminifu kama mwakilishi, itumike kwa chakula cha jioni na cha mwisho wa wiki. Kwa wanandoa ambao mmoja ni mzima na mwingine amelala, nimeona kadi ikifanya vizuri pamoja na mlo wa mlangoni, kwa kuwa yule mzima anachoka kuuguza na kupika. Mjane mwenye pesa za kutosha na asiyekula kwa upweke hana haja ya fomu ya SNAP hata kidogo. Anahitaji usafiri wa kumfikisha kituoni saa sita mchana. Namba 211 inapatikana karibu nchi nzima kwa kupiga simu, na humwelekeza mtu kwenye wakala wa wazee wa eneo lake, ambao ndio wanaojua foleni ya mlo ina urefu gani wiki hii.

Kwa anayeamua kuanza na kadi, asisubiri karatasi zote zikamilike. Ofisi inalazimika kupokea fomu yenye jina, anwani na saini tu, na msaada huhesabiwa kuanzia tarehe hiyo fomu ilipopokelewa, ingawa mahojiano na vielelezo vitafuata. Uamuzi hutolewa ndani ya siku 30. Mwenye kipato cha chini ya dola 150 kwa mwezi na akiba isiyozidi dola 100, au ambaye gharama za makazi yake zinazidi kipato na akiba yake kwa pamoja, anastahili kupewa ndani ya siku saba, na aliseme hilo siku ile ile anayokabidhi fomu.